Chumba cha Taa

Kuna ziwa chini ya ziwa, katika gemu ninayoicheza
usiku, jenereta ya Masereka ikikohoa nyuma ya duka.
Unashuka kwa kizimba cha mnyororo, dakika nzima bila neno,
na juu yako, mahali pa mbingu,
mwamba umepandwa nyota za uongo.

Maji yake yameoza.
Yana rangi ya chai iliyosahauliwa sufuriani siku nne,
yana ngozi juu. Ukiyakanyaga,
mstari mwekundu wa uhai wako unaanza kupungua
polepole, kama salio la simu.
Uyoga umemea migongoni mwa wafalme waliokaa.
Wapo waliokuwa makuhani; sasa ni vinywa tu.
Nimekufa humo mara arobaini na moja.
Ninajua kila jiwe.

Shangazi Ithungu alikuja kuchaji simu.
Akasimama nyuma ya kiti changu, mkoba kwapani,
harufu ya sabuni ya mche na moshi.
Miaka kumi na minne alikaa Kilembe, chumba cha taa:
mtu anashuka, yeye anampa taa yenye namba;
mtu anapanda, yeye anaipokea, anaifuta, anatia alama daftarini.
Hakuwahi kushuka hata siku moja.
Mgodi aliujua kwa jinsi taa zilivyorudi:
hii ina tope la kijani, shaba imeipumulia kioo,
hii ina joto bado, kama yai lililotagwa sasa hivi.

Kiswahili chake ni cha mgodini, kifupi, kimevaa buti.
"Hiyo maji," akasema, "nani anapiga pampu?"
Hakuna pampu, shangazi. Ni ziwa la laana.
Kuna mungu alilala, damu yake ikachuruzika,
"Laana," akachekea puani. "Maji haiozi yenyewe.
Mtu aliacha zamu."

Sikumjibu. Nje, Nyamwamba ulikuwa unaburuta mawe yake gizani,
mto ule uliowahi kuingia wodini bila kubisha hodi.
Na kule mlimani, nyuma ya lango lenye kutu,
mashimo yalikuwa yanajaa
kama yanavyojaa kila usiku
tangu pampu ya mwisho izimwe na mafundi wapande basi.
Ngazi moja, kisha ngazi nyingine. Hakuna anayeona.
Hakuna muziki wa huzuni.

"Na taa ya kiunoni mwake, namba ngapi?"
Haina namba.
"Kila taa iko na namba."
Akavuta kiti. Akanisimulia ya 318,
ya Onzima, kijana wa Arua, aliyepiga mluzi kwenye foleni,
akaipokea Alhamisi, akaishukia.
Kampuni iliandika: imepotea.
Bei ya taa ikakatwa katika mshahara wa maiti.
Daftari lile bado analo. Mstari mmoja
una kutoka, hauna kurudi.

"Panda nayo," akasema.
Shangazi, gemu haiko hivyo. Ukishashuka unakwenda mbele:
kuna joka, kuna mlango, kuna ufalme mwingine.
"Panda nayo."

Ilinichukua hadi jenereta ikabakiwa na petroli ya kikombe.
Nilirudi kupitia uyoga, kupitia vinywa,
upanga sikuuchomoa,
uhai ukinitoka majini tone kwa tone,
naye akihesabu ngazi kwa Kikonzo, kidole hewani.
Kizimba kilikuwa palepale.
Sikuwahi kujua kwamba kinapanda.

Juu kulikuwa na nyasi, na alfajiri iliyochorwa kwa haraka.
Nikaitua taa chini. Gemu haikunipa kitu,
si kengele, si dhahabu.
Shangazi akalamba ncha ya penseli,
akafungua mkoba,
akatafuta mstari.